Gogo Letu la Emali

Muema, rafiki yangu,

Huko uliko sijui kama habari za Emali zinafika. Wewe ulipenda kuzisikia kwangu kwanza, hata nikizitia chumvi. Leo sitii. Nina hasira mpaka chai hainishuki.

Ule uwanja wetu kando ya soko wameufanya stendi ya malori. Uwanja mzima! Pale akina mama walipokuwa wanaanika mbaazi, pale kwaya ya kanisa ilipokuwa inaimba siku ya soko, sasa ni dizeli na matope meusi. Mwenye miguu anapita ukingoni kama mwizi. Wakubwa wanasema ni maendeleo. Mimi darasa la nne nililiachia katikati, lakini nauliza: maendeleo gani hayana mahali pa mtu kukaa? Wanao ni wazima, bado wananiita mjomba, ila hata wao siku hizi wananisalimia kupitia dirisha la gari.

Na gogo letu wakaliondoa. Gogo uliloliburuta wewe mwenyewe na ng'ombe wako kutoka mtoni! Sheria yake unaikumbuka, si ni wewe uliyeitunga: waliogombana wanakalishwa hapo bega kwa bega, hakuna kuinuka mpaka mmoja acheke. Hapo ndipo niliwasimulia vile kifaru alinifukuza kutoka Kibwezi, nikafika Emali kabla ya treni. Ukasema, "Ongeza, kifaru bado hajachoka." Siku hizi nikianza kuwasimulia abiria, matatu inaondoka nao kabla kifaru hajaninusa.

Sasa sikia ubaya wenyewe. Mbuzi wa Kilonzo walimaliza mbaazi zangu. Nikamwambia hata fisi hufunga mlango wake, yeye zizi linamshinda. Zamani jambo kama hilo lingeisha siku ya soko. Bila gogo, mvua zikaja zikaenda, hatusalimiani. Kilonzo, Muema! Yule tulibeba naye jeneza lako. Alikuwa ananipita na pikapu yake, vumbi ndilo linanisalimia kwa niaba yake.

Juzi nikaliona gogo kwa fundi wa magurudumu, amelilaza nyuma ya gurudumu la lori lisirudi nyuma. Damu ikanipanda. Nikamwambia, "Hilo ni la marehemu." Lori lilipoondoka nikalibeba begani peke yangu, gogo ambalo ng'ombe wako walilihemea.

Haya, usicheke. Kilonzo alisimamisha pikapu, akashuka, akashika upande wa pili. Tukalirudisha palepale, katikati ya malori, tukakaa.

Dereva mmoja akatupigia honi mpaka masikio yakaziba. "Wazee, tokeni! Hapa ni pa magari!"

Nikamjibu, "Na sisi tumeegesha."

Kilonzo ndiye alicheka kwanza. Akacheka mpaka akanishika bega, na mimi nikajikuta nalia, sijui kwa nini. Kwa sheria yako, kesi ya mbaazi imekwisha. Ile ya wakubwa haijaisha. Hao hawajawahi kuja kukaa.

Pumzika sasa, Muema. Kila siku ya soko utatukuta hapo, mimi upande huu, Kilonzo upande ule. Katikati, pale makalio yako yalipolainisha mti, hakai mtu. Wakitaka kulikokota tena, watalikokota na sisi juu yake, na hapo sijaongeza hata punje ya chumvi.

Ni mimi, aliyemshinda kifaru mbio,
Mutua