Nyota ya Anena Yaletwa kwa Wazee

Banange, jamani Nabangala, weka chini hiyo chai usome!

Obura ameenda leo Naguru kwa kina Anena, mwenzake wa kazini, kujitambulisha kama mchumba. Wazee wameketi sebuleni, sisi tuko na Anena chumbani nyuma ya pazia, maana bibi harusi hatoki mpaka aitwe.

Si Obura akatoa picha kwenye fremu! Mapigo ya pulsa, nyota inayotuma mawimbi kama moyo unaodunda! Ile ile aliyoigundua Anena kwenye kishada cha nyota, akichambua data za darubini ya redio mpaka macho yakavimba!

Eti, "Wazee wangu, nimemtafutia binti yenu nyota."

NIMEMTAFUTIA! Yeye aliyekuwa akimwambia pale ofisini kwamba hizo ni kelele za umeme tu, afute!

Baba mtu akapiga makofi. Anena huyo! Akasukuma pazia, akatoka bila kuitwa, mashangazi wakashika midomo.

Akaichukua ile fremu mikononi mwa baba yake.

"Baba, nyota hii ilikuwa ya nyumba hii kabla huyu hajabisha hodi. Mwambieni arudi na ya kwake."