Mzazi wa Atieno Asimame

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Uriri tuko salama, na mguu wa babu yako umepata nafuu. Umeniuliza kama kuna mtu huko shuleni anayejali kwamba mama yako yuko jeshini, mbali na wewe.

Nilipokuwa msichana kule Kisegi, baba yangu pia alikuwa mwanajeshi. Siku ya wazazi, mama alikuwa amelazwa hospitalini Homa Bay, nikaenda peke yangu. Nilipoitwa kupokea zawadi, mwalimu mkuu akasema, "Mzazi wa Atieno asimame." Nikainamisha kichwa.

Mama Rispa, jirani yetu muuza samaki, akasimama. Mzee wa kanisa akasimama. Kisha wavuvi na wake zao, mpaka uwanja mzima ukawa umesimama. Mwalimu akavua kofia. Sikujua kama watu wanaweza kufanya hivyo kwa ajili ya mtoto mmoja.

Baadaye Mama Rispa aliniambia, "Siku zote tulikuwa tunakuwaza. Hatukujua tu pa kuanzia."

Mwambie mwalimu wako mama yako yuko wapi, mjukuu wangu. Mpe pa kuanzia.

Nakuombea kila asubuhi,
Nyanya yako Atieno