Treni Iliyokatika Mteremkoni

Jumatatu, 3 Machi

Theluji tena. Nimeshinda kwa rafiki yangu Orrin, chumba cha chini ya nyumba, nikisafisha reli zetu ndogo za treni za mfano. Kitambaa na spiriti, basi. Mwenzetu Verlin kaja na msasa! Msasa! Nimemnyang'anya. Kila mkwaruzo unashika uchafu, nikamwambia, uchafu ukishika umeme haupiti, na injini inakufa katikati ya daraja mbele ya watu. Akasema, "Haya bosi, usinile."

Wageni wa Minneapolis wanakuja Jumamosi ya tarehe 15. Watacheza nasi mchana kutwa, kila mtu na kazi yake kama reli ya kweli. Orrin ataelekeza treni ipi ipite lini, Verlin ataendesha, mimi niko yadini – kupanga mabehewa, kuyaunga, kuyakata. Yadi ni yangu tangu tulipoijenga mimi na Orrin, marehemu mume wangu Lloyd akitupigia kelele kutoka juu tukale.

Mkono wa kulia umecheza tena leo. Nimeliandika hapa na hapa litabaki.

Jumatano, 5 Machi

Behewa jepesi huruka reli. Tumeyaongezea uzito yote ya madini – vipande vya risasi sakafuni, chini kabisa, kisha vumbi la mawe juu. Uzito ukikaa juu litapinduka kwenye kona.

Halafu aibu. Kukata behewa unaingiza kijiti cha mshikaki katikati ya ndoana mbili, unazungusha kidogo, zinaachia. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Leo kijiti kimegonga pembeni. Tena. Tena! Nikasema ndoana zimeshuka. Orrin akaleta kipimo, akapima moja moja kwa upole wake ule. Zote sawasawa. Akafikiri, akasema labda ni baridi.

Baridi! Hapa kwetu Duluth ukizama ziwani, mtu atasimama ukingoni aseme maji yamepanda kidogo mwaka huu. Hatuambiani kitu. Tunapeana keki.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari kanipa tarehe ya Aprili. Sijamwambia mtu.

Naogopa. Si kufa. Naogopa kupewa kiti kizuri pembeni na birika la kahawa niwamiminie wengine.

Jumatatu, 10 Machi

Orrin kapiga simu: nisije leo wala kesho, anapaka vilima rangi na harufu ni kali. Tangu lini harufu ya rangi ikanishinda mimi?

Alhamisi, 13 Machi

Jaribio. Nimefumba macho nikapitisha kidole kwenye kila kiungo cha reli – kidole huhisi jino ambalo jicho halilioni. Kisha tukasukuma treni ndefu kinyumenyume kwenye kila njia panda. Ikipita kinyumenyume, mbele itapita tu. Hakuna behewa lililoanguka!

Treni tupu ikapanda mlima mpaka mgodini, safi kabisa. Nikasema tuishushe na mzigo pia. Orrin akatazama saa, akasema inatosha, mkewe Gail anamsubiri. Nikakubali, mkono ulikuwa umechoka. Kokoto za yadini zinanukia sabuni, kama zimewekwa juzi tu. Orrin kaongeza gundi, nadhani – tone la sabuni ya vyombo ndilo linaloifanya izame badala ya kuelea juu.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi nilikuwa malkia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Naleta kijiti, ndoana zimeshaachia! Naleta tena, zimeachia! Mgeni mmoja, Truman, kasimama nyuma yangu akasema hajaona mtu mwenye mkono mwepesi namna ile. Nilitaka kucheka kwa sauti. Nikajiambia, Ardith, ulikuwa uchovu tu, ulijitisha bure.

Baada ya chakula nikaunga treni ya madini, ile ndefu. Nilivuta kila ndoana kujihakikishia. Kila moja! Verlin akaipandisha mgodini ipakiwe, akaishusha mteremkoni kuelekea gatini, wageni wote wamejipanga na simu zao wanapiga picha. Ikapita mbele ya yadi yangu. Verlin akapunguza mwendo kidogo.

Ikakatika katikati.

Nusu ya mbele ikasimama kwenye gati kama ilivyopangwa. Nusu ya nyuma ikaja yenyewe, bila breki, inaongeza kasi. Ikaipiga ya mbele. Mabehewa yakamwagika ukingoni mpaka sakafuni, saruji ile, na gati alilolichonga Orrin mti kwa mti likavunjika mguu.

Verlin akasema, "Nani kaunga hii treni?"

Watu wote wakatazama viatu vyao. Orrin pia.

Nikasema, "Mimi."

Jumapili, 16 Machi

Sijaenda kanisani. Verlin kapiga simu. Si kitu, anasema, hutokea kwa kila mtu. Kisha, "Ila safari ijayo wewe pumzika, mama. Yadi nitaishika mimi. Nipe jibu Jumatano nipange watu." Mama! Miaka yote ananiita bosi.

Nimelia jikoni. Nimejiona bibi kizee.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda kwa Orrin kusaidia kuokota. Yeye yuko dukani kutafuta gundi ya mbao, Gail kanifungulia. Nilikuwa na skrubu ndogo kiganjani, mkono ukacheza, ikaanguka karibu na reli kuu, ile inayopita mbele ya yadi.

Haikulala. Ilisimama wima!

Nimeigusa, imerudi kusimama palepale. Sumaku. Iko chini ya kokoto, kwenye reli kuu. Nikaipitisha skrubu yadini: reli ya pili, imesimama. Ya tatu. Ya nne. Ya tano. Ya kwanza, hakuna kitu.

Nikakaa chini.

Ndoana zetu zina vijimkia vya waya chini yake. Simamisha behewa juu ya sumaku, vijimkia vinavutwa, ndoana inaachia bila kijiti. Kwa hiyo haukuwa mkono wangu ile Jumamosi. Mkono wangu haukufanya lolote. Orrin alitega sumaku yadi nzima ili nisiaibike, na hakusema neno. "Rangi ya vilima"!

Na kakosea. Alitoboa kutoka chini ya meza, amelala chali. Kutoka chini kushoto ni kulia. Kaanza kuhesabu upande usio wake: ya kwanza, iliyo ukingo wa pili, kaidhani ndiyo reli kuu akairuka, na reli kuu yenyewe akaitega. Kila mtu anajua sumaku haiwekwi njia kuu. Treni ikipanda ndoana zimekazwa, haziachii – ndiyo maana Alhamisi hatukuona kitu. Ikishuka zinalegea. Zikilegea juu ya sumaku, kwaheri.

Mimi sikukosea! Nilitaka kupanda ngazi nimpigie Verlin palepale.

Kisha nikawaza atakavyouliza. Sumaku ya nini, Ardith? Orrin aliweka kwa ajili ya nani?

Nimerudi nyumbani bila kumsubiri Orrin.

Jumatano, 19 Machi

Orrin amekuja na sahani ya keki za ndizi. Bila shaka. Kakaa, kasema barafu ya ziwani itavunjika mapema mwaka huu.

Nikamimina kahawa kwa mkono wa kulia. Makusudi. Kikombe kikagongagonga kisahani, kahawa ikamwagika kwenye kitambaa cha meza. Akageukia dirishani, akatazama ndege wa nje.

Nikasema, "Orrin, acha ndege. Tazama hapa."

Akatazama.

"Sumaku nimeziona. Na ile ya reli kuu. Ulihesabu ukiwa chali, sivyo?"

Masikio yakawa mekundu. Akasema alikuwa anataka tu iwe rahisi kidogo. Akasema ataing'oa usiku huu, hakuna haja ya mtu kujua, Verlin atasahau.

"Verlin hatasahau. Leo anataka yadi yangu. Na wewe ulisimama pale ukatazama viatu."

Nilisema kwa ukali. Ulikuwa umenijaa. Nikaendelea, "Ungeniuliza tu. Ungesema, Ardith, mkono una nini? Basi!"

Akasema kasahau kitu garini, akatoka bila koti.

Ni kitambo sasa. Gari hajaliwasha. Namwona kutoka hapa mezani, paji la uso kwenye usukani. Mabega yanatikisika.

Nikimwambia Verlin ukweli naipata yadi, na Orrin atakuwa yule aliyeweka sumaku njia kuu, watamcheka mpaka Minneapolis. Na mkono wangu utakuwa habari ya kila mtu. Nikinyamaza, napewa kile kiti cha pembeni na birika la kahawa.

Simu inalia. Verlin.

Acha ilie. Kwanza nikamtoe yule mtu kwenye baridi.