Pete na darubini ya Mama Mbombo

Djamali, mukono wangu umenasa ndani ya darubini ya Mama Mbombo. Ninakuandikia na wa kushoto. Usicheke!

Kioo kidogo cha katikati kiliinama, kila nyota ilionekana na mukia. Nikaingiza mukono nikinyooshe, pete ikakwama kwenye skurubu yenye kutu. Kidole kimevimba. Sabuni imeshindwa, mawese yameshindwa.

Nimemwambia Mama tukate bomba la darubini. «Tukate nini?» Wakati wa vita askari walilikuta kwake, akawadanganya njo bomba la moshi la tanuru ya mikate, wakaliacha. «Askari hawakulikata, wewe fundi wa saa njo utalikata? Leta pete, njo nitaikata!»

Djamali, mama iko na koleo mukononi, analiingiza ndani ya bomba.

Amekata.

Jioni tumejaribu. Kioo kimekaa sawa. Amechungulia, akasema nyota zimekuwa nukta tena, kama wakati marehemu bwana yake alikuwa hai. Pole hata moja hakuniambia.

Kesho Safi anarudi kutoka Kibombo. Nitamwambia nini muke wangu? Vitani tulipoteza nyumba, vyombo, hata picha za ndoa. Pete hii tu njo ilibaki. Sasa iko mufukoni, vipande viwili.