P ya Pete

Kahororo, Bukoba,
Alhamisi, 17 Julai 2025.

Kwa kaka yangu mpendwa Gozbert,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani, mguu umeuinua juu ya kigoda kama daktari wa Rubya alivyokuagiza, ingawa nakufahamu, na huenda unaisoma ukiwa umesimama katikati ya migomba ya kibanja. Wifi Joanitha hajambo? Na Mama, kile kikohozi cha masika kimemwacha? Mwambie kahawa ya kutafuna aliyonitumia ilifika salama na nimeimaliza peke yangu, sikumgawia mtu. Mimi mwili wangu ni mzima. Habari za moyo utazisoma mbele.

Utashangaa naandika barua wakati simu ninayo. Kaka, wiki hii nimekupigia mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza habari za migomba. Kwa hiyo nimeshika kalamu.

Unakumbuka tulivyokuja kumchukua Kokuberwa, karibu miaka mitatu sasa. Mwanao alikuwa shule ya kata, kidato cha kwanza, na timu yao ya mpira wa pete, watoto wasio na hata jezi, iliifunga timu ninayoifundisha kule Muleba, yeye peke yake akitumbukiza magoli ishirini na mbili. Wiki iliyofuata Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Privatus, alikuwa ameketi nyumbani kwako anakula matoke na kumsifu Mama kwa mapishi. Akasema mtoto atasoma bure, atalala bure, atacheza na atafaulu. Akakupa barua yenye mhuri. Wewe uliuliza jambo moja tu, kama kwa shule hiyo binti ataweza kuwa nesi. Naye akacheka, akasema nesi ni kitu gani, shule yake itampeleka mpaka udaktari. Sisi Wahaya ukitutajia udaktari hatuulizi tena.

Sasa nikueleze alivyosoma. Kila jioni wenzake walipoingia darasani kwa masomo ya ziada ya Kemia na Bailojia, yeye alikuwa uwanjani nami. Jumamosi wenzake walifanya majaribio, yeye alikuwa kwenye mechi Kamachumu au Karagwe. Mtihani wa kidato cha pili alifaulu vizuri kwa akili zake mwenyewe, lakini akili nayo hulishwa. Januari mwaka huu, kwenye jaribio la kuwapima kidato cha nne, alipata F ya Kemia na D ya Bailojia. Walimnyang'anya saa za kusoma, kisha wakamhukumu kwa kutokusoma. Nimelitafakari hilo mwezi baada ya mwezi na bado damu inanichemka.

Maana shule yetu ina sifa ya kulinda. Ukifika Rwamishenye utaliona bango letu kubwa, limeandikwa kwamba hatujawahi kupata sifuri wala daraja la nne. Wazazi wanalisoma, wanaleta mabinti zao. Hawaambiwi kwamba ni rahisi sana kutopata sifuri ukiwaondoa mapema wale unaowahofia. Mtahiniwa wa shule namba yake ya mtihani huanza na S. Mtahiniwa wa kujitegemea, yule anayerudia au anayesoma kwa kujitafutia mtaani, namba yake huanza na P. Mwaka huu Mkuu aliwachagua wasichana tisa waliofanya vibaya Januari, akawasajili kwa P katika kituo kingine huko wilayani. Watavaa sare zetu, watakula ugali wetu mpaka Oktoba, halafu Novemba watapelekwa kufanya mtihani kama watu waliookotwa njiani. Alama zao za darasani za miaka yote hazitahesabiwa. Na matokeo yakitoka, shule yetu haiwajui.

Mmoja wa hao tisa ni Kokuberwa. Na picha iliyo kwenye lile bango la Rwamishenye, msichana aliyeruka na mpira mikononi, ni Kokuberwa huyohuyo. Yaani kwenye bango ni wetu, kwenye mtihani si wetu. Juni walimpeleka mashindano ya mkoa akiwa na jina la shule kifuani, akafunga goli la ushindi, tukarudi na kombe. Hakuna aliyesema uwanjani kwamba huyu ni wa kujitegemea.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya wazazi. Najua hukuja kwa sababu ya mguu, na nasema kweli, nilifurahi hukuja. Mkuu alisimama kuwaita watahiniwa wa Novemba mmoja mmoja, kila mmoja apokee kalamu na kuombewa. Kokuberwa alikuwa amesimama mbele na kombe mikononi, maana ndiye aliyepewa kazi ya kulishika wazazi wapige picha. Majina yalisomwa kwa kufuata alfabeti. Herufi K ikaja, ikapita. Nikamwona anatabasamu, anadhani amerukwa kwa bahati mbaya. Zikaja L, zikaja N, mpaka kwa Zabibu aliyekuwa wa mwisho, Mkuu akakunja karatasi.

Hapo binti yako akanyoosha mkono. Kwa heshima kabisa, kwa sauti aliyoizoea uwanjani, akamwambia Mkuu kwamba wamemsahau, labda kwa sababu namba yake iko kwenye orodha nyingine, ile ya P, P ya pete, ya wachezaji wa mpira wa pete. Walimu wakacheka. Mkuu akacheka kuliko wote, akasema mbele ya wazazi kwamba P hiyo maana yake ni mtu wa nje. Nikamwona Kokuberwa anaanza kuelewa. Aliliweka kombe chini taratibu, akaondoka.

Kaka, najua sasa unajiuliza nani alimwambia mtoto upuuzi huo wa P ya pete.

Ni mimi.

Aprili alikuta karatasi za usajili mezani kwangu, akaniuliza mbona namba yake inaanza na P na ya rafiki yake Lilian inaanza na S. Nikacheka, nikamwambia P ni ya pete, wachezaji ndivyo wanavyoandikwa. Akafurahi mno. Akaichora P kwa wino mzito kwenye viatu vyake vya mchezo, cha kushoto na cha kulia. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilifika mwisho Jumamosi mbele ya watu.

Wala si hilo tu. Fomu ile ilitaka sahihi ya mzazi au mlezi, na wewe mwenyewe ndiye uliyeandika jina langu kuwa mlezi wake hapa Bukoba. Nilitia sahihi mwezi Februari. Mkuu aliniambia ni makaratasi tu, akanikumbusha pia kwamba mkataba wangu unaisha Machi. Lakini sitajificha nyuma ya mkataba. Nilijua ukisikia ungekuja siku hiyohiyo kumrudisha shule ya kata, ambako angesajiliwa kama mtoto mwingine yeyote, nami ningekwenda mashindanoni bila mfungaji. Miaka kumi na moja nilikuwa nimefundisha pete bila kushika kombe. Nililitaka lile kombe, Gozbert. Nimemkasirikia Mkuu kurasa tatu nzima, na hasira hiyo ni ya haki, lakini wino uliomtoa mwanao shuleni ni wangu.

Jana nilikwenda kwa afisa elimu, nikaandika maelezo ya wasichana wote tisa na kuweka jina langu. Hakuniahidi kitu. Alisema usajili wa Kokuberwa unaweza kuangaliwa upya iwapo baba mzazi atathibitisha kwa sahihi yake kwamba mlezi alimficha jambo hili, na karatasi imfikie kabla ya Jumatano. Karatasi hiyo nimeiambatanisha. Hamidi, anayeleta unga Rubya kila Jumamosi, atakusubiri uisome na atarudi nayo. Usinihurumie kwa kuwa tumenyonya ziwa moja. Ukifika chini penye sahihi ya "mzazi au mlezi", neno "mlezi" likate, uandike jina lako.

Juzi nilivikuta viatu vyake mlangoni kwangu, vimefungwa pamoja kwa kamba. Amevisugua mpaka kitambaa kimechanika, na P bado inasomeka.

Nisalimie Wifi na watoto. Mama umsomee barua hii yote, usimrukie mstari. Senene za Novemba ambazo huniwekea kila mwaka, mwaka huu mpe Kokuberwa, akishamaliza mtihani.

Dada yako,
Edvina