Damu Yangu Imeenda Kampala

Jumatatu, 2/9/2024 — Butembo
Nilifikiri leo nitaanza dawa. Bure! Hepatite C, ugonjwa ya maini, niko nayo, ile tunajua tangu mwezi wa saba. Sasa Docteur Delphine anasema inaweza kuwa na ya pili, B, yenye inajificha. Examen ya kwanza ya B ilisema hapana. Mais ingine imeona alama yake mu damu. Nikauliza: imeishatoka ao ingali ndani?
— Sijue, mwalimu. Njo maana tunatuma damu Kampala.
Tukifukuza C bila kujua, B inaweza kuamuka na kuharibu maini. Donc ningoje.

Jumatano, 4/9
Nimerudi kumuuliza docteur juu ya Joyeuse, bibi yangu wa ndoa. Alikufa 2015. Macho manjano, tumbo imejaa maji, mikono kama vijiti. Hii ugonjwa inaweza kufanya vile? Akajibu: inaweza. Mutu mwenye hakumuona, hawezi kusema ni njo ile. Mais inaweza, na B inapita kati ya bwana na bibi.
Nilitoka inje.
Sisi tulisema sumu. Bamukwe balisema, na mimi nikasema. Tulimutaja yaya Syauswa, dada yangu mukubwa, ju yeye njo alikuwa anapikia mugonjwa. Sombe, bugali, kila siku, sufuria ku kichwa, mvua ao jua. Nikamufukuza ku kilio, mbele ya batu bote! Akaenda Beni. Miaka tisa sijasikia sauti yake.

Jumapili, 15/9
Kampala kimya.
Ku kanisa bamama baliimba, nikatafuta sauti ya Joyeuse kati yao. Upumbavu. Mais nilitafuta.
Na yaya. Alinifundisha kuandika, mukono yake juu ya yangu, mkaa juu ya ubao. Mama alipokufa, yeye njo alibakia mama. Nani mwingine anakumbuka nyumba yetu ya Mbau, kakao imeanikwa mu kiwanja, baba anafukuza mbuzi? Nikitaka kusema "unakumbuka?", nitamwambia nani?

Alhamisi, 26/9
Iko.
Kidogo sana, docteur anasema, mais iko. Nitakunywa dawa ya C na ya B pamoja, bakinipima damu kila mwezi. Famille bapimwe: mutoto, na ndugu wa tumbo moja, ju mama anaweza kupitishia batoto B. Wenye hawana B bachanjwe. Nikasema niko na dada Beni. "Basi umupigie simu." Kama vile ni kitu rahisi!
Nyumbani nimemwambia Bénite, binti yangu; ametoa namba ya yaya palepale. Alikuwa nayo miaka yote! Shangazi anamupigia kila siku yake ya kuzaliwa. Hakuniambia, aliniogopa. Mutoto wangu mwenyewe.
Nilipiga mara tatu. Mara tatu nikakata mbele simu haijalia.

Jumamosi, 28/9 — Beni
Nimekuja na pikipiki, bila kumwambia. Mtaa wa Malepe, nyumba ya mbao. Alikuwa anachambua maharagi. Nywele nyeupe yote! Aliniona, hakusimama.
Nikapiga magoti. Nikasema yote: C, B, Kampala, Joyeuse, na yeye pia apimwe.
— Yaya, haikuwa wewe. Nilikukosea.
Hakulia. Vidole viliendelea kutoa mawe mu maharagi. Kisha:
— Ni ugonjwa njo imekuleta, ao ni mimi?
Akaingia ndani, akashusha pazia.
Niko hapa inje, ku kiti yake. Naandika. Bila ile karatasi ya Kampala, ningekuja? Nilimutamani miaka tisa — kweli, Mungu anajua! Mais ningekuja?
Anatoka. Amevaa viatu, amefunga kitambaa. Bila kuniangalia anauliza leo ku hospitali banapima damu mpaka saa ngapi. Anasimama mu njia, anangoja. Na swali yake bado sijajibu —