Msamaha Ambao Alain Hakuutia Sahihi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Belyse Ndayikeza
Umri: Miaka 38
Kazi: Fundi cherehani, Jules Street, Malvern
Makazi: Bertrams, Johannesburg
Uraia: Mrundi, mkimbizi
Lugha: Kiswahili, kupitia mkalimani wa kituo
Tarehe: 19 Machi 2025, saa nne asubuhi

Mimi ndiye mwenye jina hapo juu. Nasema kwa hiari yangu, sijalazimishwa na mtu. Anayenijua anajua kunilazimisha ni kazi.

Mume wangu Alain ni fundi wa friji hapo hapo Malvern. Mwezi Februari mteja mmoja alimletea friji itengenezwe. Kabla hajaifuata, wezi walivunja mlango wa duka wakaibeba pamoja na vifaa vya Alain. Mteja hakuamini. Alikuja hapa kituoni akasema fundi ameiuza.

Mnamo tarehe 14 Machi 2025, siku ya Ijumaa, saa nane mchana, polisi walimkamata Alain dukani. Niliacha cherehani nikawafuata. Njiani nilimpigia simu Mzee François, mzee wa kanisa letu, aje kutafsiri, maana Kiingereza cha Alain ni cha bei na vipuri, kikifika kwenye sheria kinakata. Nilidhani nimemletea mume wangu msaada.

Chumbani tulikuwa Sajini Mabaso, Alain, Mzee François na mimi. Sajini hakumpiga mtu wala hakutukana. Alimpa Alain chai. Nasema hivi kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa upole ule ndio ulionitia wasiwasi. Alimsomea haki zake haraka haraka: anaweza kunyamaza, anaweza kuwa na wakili, na kama hana uwezo serikali itamlipia. Alain akasema, "Huyo wakili namutaka." Mzee alitafsiri vizuri. Sajini akajibu, "Eish, kaka, leo Ijumaa. Ukimngoja wakili utalala hapa mpaka Jumatatu. Andika tu unaomba msamaha kwa friji ya mtu, uende nyumbani."

Hapa lazima nieleze tulivyo. Kwetu kitu cha mtu kikipotea mikononi mwako unaomba msamaha kwanza, hata kama aliyeiba ni mwingine. Unakwenda na kinywaji, mnakaa, mnayamaliza. Usipofanya hivyo unaonekana una kiburi. Alain alikuwa akitafuta nafasi ya kuyasema maneno hayo tangu Februari, na yalikuwa yanamuuma.

Mzee François akamwambia, "Andika, mwanangu, yaishe. Wakili ni wa mutu aliyeiba." Alain akachukua kalamu. Aliandika kwamba yeye Alain anaomba msamaha kwa ajili ya friji. Ilibaki sahihi.

Nilisimama. Nilisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza ili asiwepo wa kusema hakusikia: "Musamaha ataomba, na soda nitanunua mimi. Lakini hapa ameomba wakili. Hakuna kutia sahihi."

Mzee akasema, "Mama Bijou, tuache wanaume tuongee." Bijou ni binti yetu.

Nikamjibu, "Mzee wangu, nakuheshimu sana. Lakini hii karatasi haiendi kwa mwenye friji, inaenda kwa hakimu. Hakimu atajua wapi desturi zetu? Ataona mutu amekubali kuiba. Na kibali chetu cha ukimbizi kitakuwaje?"

Alain aliniangalia, kalamu bado mkononi. Baada ya hapo karatasi ilichanika. Sajini alikasirika, akanitoa nje.

Alain alilala mahabusu mpaka Jumatatu. Wanawake wa kwaya walisema nimemfungisha mume kwa mdomo wangu. Nililia sana Jumamosi ile, nilimwonea huruma, lakini kujuta sikujuta. Siku hiyo hiyo wakili wa zamu wa serikali alifika, akakaa na Alain wawili peke yao. Jumatatu mahakamani mwendesha mashtaka alisoma jalada, akasema hakuna ushahidi wowote. Alain akaachiwa. Kabla ya kuja nyumbani alimuuliza wakili kama sasa ni ruksa, kisha akaenda na soda kwa mwenye friji kuomba msamaha wake. Mwenye friji alimkaribisha ndani.

Nimeambiwa Sajini amelalamika kwamba niliingilia kazi ya polisi. Sasa hivi Kapteni anayeandika maelezo haya ameniuliza ni nani aliyeichana karatasi. Ni swali zuri na jibu lake ninalo. Nitalitoa wakili wangu akishaketi hapa kando yangu. Nimempigia, yuko njiani kutoka Randburg.

Mpaka hapo nimesomewa yote kwa Kiswahili. Ni maneno yangu, na sipunguzi hata moja.

Sahihi: B. Ndayikeza

MAELEZO YA AFISA: Nimesimamisha kuandika saa tano na robo kwa ombi la shahidi. Nilimfahamisha kwamba kutoka Randburg kuna foleni kubwa na huenda akangoja mpaka jioni. Shahidi alijibu kwamba hana haraka, kisha akatoa gauni na sindano kwenye mfuko wake, akaanza kushona pindo.
Kapteni T. Ledwaba